Bendi imefiwa, albamu bado: yaliyotusaidia sisi

Kusanyeni rekodi za marehemu kabla ya arobaini. Naanza na hili kwa sababu halisubiri, na msibani hakuna atakayewakumbusha. Simu ya marehemu hupewa mdogo wake, mdogo mtu anaisafisha apate nafasi ya picha zake, na zile sauti alizojirekodi usiku akibuni midundo zinakwenda hivyo hivyo. Mtumeni mtu mmoja ambaye nyumba ile inamjua, aende kwa adabu, aombe kunakili tu; vifaa vibaki kwa wenyewe. Sisi tulimtuma mpiga besi wetu, maana tangu shuleni alikuwa akilala kwao kule Tanga na mama wa marehemu anamwita mwanangu. Alirudi na mafaili kibao, mengi yakiwa ni kelele za feni. Machache yalikuwa mali.

Sisi ni bendi ya roki ya Dar es Salaam, watu wanne, na aliyetutoka alikuwa mpiga dramu. Wenzetu wa dansi wamezoea wanamuziki kuhama bendi, leo yuko huku kesho kule, na jukwaani wanajaa kiasi kwamba mmoja akikosekana shoo inaendelea. Kwa bendi ya watu wanne, akiondoka mmoja robo ya kila wimbo imeondoka.

Mkishayapata hayo mafaili, yasikilizeni na mgawanye: yapi yanafaa kuingia kwenye albamu, yapi ni ya kubaki nayo wenyewe. Hapa huwa nawatajia watu bendi ya Queen ya Uingereza. Mwimbaji wao Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1946, alifariki Novemba 1991, na wenzake hawakutoa albamu ya Made in Heaven hadi Novemba 1995. Baadhi ya sauti zilikuwa za zamani, nyingine alizirekodi Montreux, Uswisi, katika miezi yake ya mwisho. Kwenye wimbo mmojawapo, Mother Love, hakuwahi kurudi kuimba ubeti wa mwisho, basi mpiga gitaa wao Brian May akauimba yeye, kwa sauti yake mwenyewe. Hawakutafuta mtu wa kumwiga Freddie. Msikilizaji anasikia kabisa sauti inabadilika, na anajua kwa nini.

Sisi tulikuwa na wimbo mmoja tu ambao dramu zake zilirekodiwa vizuri studio. Huo tuliuweka kama ulivyo. Zile za simu, akigonga meza na kuimba mdundo kwa mdomo, tulizitumia kutungia nyimbo, hatukuzibandika kwenye albamu. Najua wapo watakaopenda kuzibandika, na prodyuza atawaambia inagusa moyo. Msikilizaji asiyemjua marehemu atasikia mtu anagonga meza.

Suala la haki lisisubiri albamu itoke. Kwa sheria ya Tanzania, haki ya mtunzi inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo fungu la marehemu kwenye nyimbo alizotunga ni mali ya warithi, na anayesaini kwa niaba yao ni msimamizi wa mirathi. Si kaka mkubwa anayepokea simu, wala mchumba. Msimamizi anateuliwa na mahakama, na familia itahitaji cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kaeni nao mkiwa na karatasi iliyoandikwa wimbo kwa wimbo: huu alitunga yeye na fulani, huu hakuutunga ila alipiga. Kwetu kazi hii ilichukua muda kuliko kurekodi, na baba yake mdogo alituuliza maswali makali kuliko mwanasheria. Lakini tangu siku ile hatujasikia mtu akisema tunakula jasho la marehemu.

Sasa kuhusu mtu mpya, maana hapa ndipo bendi nyingi zinapovunjikia.

Kwanza, si lazima awepo. Taylor Hawkins, mpiga dramu wa bendi ya Foo Fighters, alifariki Machi 2022 wakiwa ziarani Bogotá, na albamu iliyofuata, But Here We Are ya Juni 2023, kiongozi wao Dave Grohl alizipiga dramu mwenyewe. Ni kweli kwamba yeye ndiye aliyekuwa mpiga dramu wa bendi ya Nirvana, si kila bendi ina bahati hiyo. Ila mpango wenyewe unaigika: rekodini kwanza kwa mikono mliyonayo, mtu wa jukwaani mtamtafuta mkiwa mmetulia. Sisi hatukuweza, kwa sababu hakuna kati yetu anayejua kukaa kwenye dramu bila kuaibisha ukoo wake.

Mkimleta mtu, msianze naye nyimbo za zamani. Kijana tuliyempata alikuwa fundi, anafuata klik, ule mlio wa kuhesabia mapigo, kama saa, na bado kila wimbo wa zamani ulikuwa umepoa. Tulidhani hana moto. Fundi mitambo wetu ndiye aliyechukua rekodi moja ya mazoezi ya zamani akaipima mwendo: beti zilikuwa zinakwenda mapigo 132 kwa dakika, kibwagizo kikifika kimepanda hadi 138. Marehemu alikuwa anakimbia kila kibwagizo, na sisi sote, miaka yote, tumejifunza kukimbia naye bila kujua. Gitaa linakata mapema, mwimbaji anavuta pumzi mapema, besi inaegemea mbele. Kijana alikuwa anapiga sawasawa na sisi watatu tunakimbizana na mtu ambaye hayupo. Ukimwambia aongeze kasi pale, anaongeza, lakini unasikia ameambiwa.

Kwa hiyo nyimbo za zamani tuliziweka kando karibu zote, tukatunga mpya naye akiwa chumbani tangu mstari wa kwanza. Bendi ya AC/DC walifanya hivyo kwa namna ambayo bado inanishangaza. Mwimbaji wao, Bon Scott, alifariki London tarehe 19 Februari 1980. Wakamchukua Brian Johnson, mwimbaji kutoka kaskazini ya Uingereza, wakaenda kurekodi Nassau, Bahamas, na Julai mwaka huo huo Back in Black ikawa sokoni. Johnson hakupewa viatu vya Bon avae. Majina ya watunzi kwenye ile albamu ni ndugu wawili wapiga gitaa, Angus na Malcolm Young, na yeye mgeni. Jalada ni jeusi tii na albamu inafunguliwa kwa kengele, maombolezo yakaishia pale. Zinazofuata ni nyimbo za kelele na starehe kama walivyozoea. Siwashauri kasi ile. Nawashauri lile la jina: mgeni akitunga, aandikwe.

Mfano wa upande wa pili ni bendi ya Metallica. Mpiga besi wao, Cliff Burton, alikufa Septemba 1986 basi lao lilipopinduka Sweden. Jason Newsted akachukua besi, na kwenye albamu ya ...And Justice for All ya 1988 hiyo besi unaitafuta kwa tochi. Sababu zinazotolewa ni nyingi. Mimi ninachosikia ni kiti kimejazwa lakini ala imenyamazishwa, na siku ya kuchanganya sauti yetu nilimkatalia prodyuza kila alipotaka kushusha dramu ili tusilinganishwe na zamani. Tulinganishwe tu.

Wimbo wa kumlilia marehemu utakuja wenyewe, pengine kila mmoja ataleta wake. Chagueni mmoja. Sisi tulikuwa nazo kadhaa na zote zilikuwa za taratibu, albamu ingegeuka matanga. Uliobaki tuliupunguza urefu tukauweka katikati, usiwe wa kwanza wala wa kumalizia. Mama yake, kwa taarifa yenu, huo anauruka. Anaoupenda ni ule wa matani kuhusu konda wa daladala, kwa sababu anasema mwanawe angeucheka.

Halafu malipo. Kijana mpya msimlipe posho ya mazoezi halafu kwenye mabango mseme ni mwanachama. Kama ni wa kukodi, mwambieni ni wa kukodi, mlipeni kwa kila siku ya studio na asaini kupokea. Kama ni mwenzenu, apate fungu kwenye albamu hii, hata kama hakuwepo mlipokuwa mnapiga bure kwenye baa za Sinza. Sisi tulimpa fungu sawa na letu kwa nyimbo mpya, na kwa ule wimbo wenye dramu za marehemu hakupata kitu, na mwenyewe ndiye aliyependekeza iandikwe hivyo.