Ngoy na Ngoie: kwa finalisti anayengoja Exetat ipite ndipo awaze chuo

Mdogo wangu wa mwisho ni finalisti mwaka huu: anamaliza sekondari kwetu Kongo na anangoja Exetat, mtihani wa taifa wa mwisho. Juzi alinitumia sauti kwenye WhatsApp, nyuma yake mama anasonga bukari na mwiko unagonga sufuria: "Yaya, mambo ya chuo nitaanza kuwaza kisha Exetat, ni vile?" Yaya ni mimi, mkubwa wake. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Maneno hayo hayo niliyasema mimi nikiwa na umri wake, yakanitoa jasho wiki 5 nzima.

Lubumbashi ndivyo tulivyozoea. Mwaka mzima ni Exetat tu. Kwanza dissertation na oral ya Kifaransa, kisha zile siku 4 za session, mtihani wenyewe, kisha kungojea palmarès, orodha ya waliofaulu, mpaka siku simu zinaanza kulia, pikipiki zinapiga honi barabarani na watoto wa watu wanamwagiwa poda kichwani hadi wanafanana na waliotoka kusaga mahindi. Poda haijapanguswa, baba anauliza: "Sasa utaandikishwa wapi?" Wakati huo huo kila baba wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba anauliza hivyo hivyo, na wote mtakutana kwenye dirisha moja.

Mimi nilifaulu. Asilimia sitaitaja, ila mama aliridhika. Wiki mbili baadaye nilikwenda kujiandikisha, farde ya plastiki ya bluu kwapani: buletini za mwaka wa tano na wa sita (siku hizi mnaandika 3e na 4e des humanités), attestation ya kufaulu, cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti. Mama wa dirishani alizipitia bila haraka. Akalamba kidole, akageuza, akarudi nyuma, akalaza karatasi mbili bega kwa bega. Halafu akanitazama juu ya miwani.

"Ngoy ni nani, na Ngoie ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Bote babili?"

Foleni nzima nyuma yangu ilicheka. Mtu wa Katanga anajua jina hilo tunaliandika tunavyopenda: Ngoy, Ngoie, Ngoi. Nyumbani hakuna anayejali, ukiitwa unaitika. Kwenye karatasi ni watu tofauti. Cheti changu cha kuzaliwa kilisema Ngoie, buletini ya tano Ngoie. Buletini ya sita na attestation, ambayo jina lake linatoka kwenye orodha ya kandida wa Exetat, zilisema Ngoy.

Kosa lenyewe halikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba orodha ile niliwahi kuiona. Shule ilipokuwa inatayarisha majina ya kupeleka Inspection, ofisi ya serikali ya elimu, ilibandikwa ukutani karibu na mlango wa prefe, mkuu wa shule, kurasa zimeshikwa kwa skochi, na biki imening'inia kwa kamba ili mwenye kosa alizungushie duara. Ilikaa pale juma zima. Kila siku nilipita mbele yake nikienda kununua chikanda getini. Nikaona jina langu lipo, nikaendelea na safari yangu. Kumbe kuona jina ni kitu kimoja na kulisoma ni kitu kingine.

Basi nikaanza kutembea. Shule inasema lete karatasi ya komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, komini inasema lete karatasi ya shule, na nauli ya taxi-bus inatoka mfukoni mwa mama. Mwishowe nilipata barua inayothibitisha kwamba Ngoy na Ngoie ni mtu mmoja. Buletini ya sita shule ilikubali kuirekebisha, lakini mimi kwa ujanja wangu nilikuwa nimeiplastifie siku ile ile niliyoipokea, ili isichafuke. Prefe aliigonga kwa ukucha, tok tok, akaniuliza muhuri ataupiga wapi, juu ya nailoni? Ikabidi duplikata, nakala mpya, na duplikata hailiwi bure. Nilipoingia auditwari, wenzangu walikuwa wameshamaliza sura mbili za aljebra, na viti vya mbele vilikuwa na wenyewe.

Kwa hiyo mdogo wangu, jambo la kwanza halina uhusiano na fakulte wala na ndoto zako. Chukua cheti chako cha kuzaliwa, kiweke kando ya kila buletini, soma herufi kwa herufi: majina yote matatu (nom, post-nom, prénom), mahali ulipozaliwa, tarehe. Orodha ya kandida ikibandikwa, nenda nacho mkononi. Kosa likionekana kabla orodha haijaondoka shuleni, ni kazi ya biki na dakika 10. Likishafika kwenye diploma, ni mwaka wa mtu. Na usiplastifie kitu chochote, hata ukipewa bei ya urafiki.

Buletini ya mwaka uliopita iko wapi? Usiniambie iko shuleni. Kama kuna deni la ada, shule itaishika, na huwezi kuwalaumu sana, maana sekondari bado tunalipa. Mwambie baba sasa, aende kuongea na prefe na kulipa kidogo kidogo, kuliko kuja kutafuta fedha zote Agosti, wakati huo huo chuo nacho kinadai za kuandikishwa. Fedha za kuandikishwa hazirudi, ujue. Ukijiandikisha sehemu mbili kwa kuogopa, umelipa mara mbili. Bado mimi nashauri mbili kwa anayeweza, hasa kama chuo cha kwanza kina test ya kuingia.

Sasa fakulte. Hapa ndipo ningependa tukae chini tuongee, maana kwenye simu haiishi.

Mji wetu una ugonjwa wake, nao ni madini. Kila kijana wa Math-Physique anaambiwa Polytechnique, fakulte ya uhandisi, kila mjomba mwenye jeep ya kampuni kule Kolwezi anakuwa mshauri wa masomo wa ukoo. Mimi nilikwenda huko kwa sababu ya jeep hiyo, siwezi kukudanganya. Sijuti kabisa, lakini nusu ya njia niliitembea bila kujua naenda wapi. Baba alinipeleka kwa rafiki yake profesa, mzee mwema sana, akanieleza uzuri wa sayansi kwa saa nzima, nikatoka nimefurahi na sijui kitu. Aliyenipa ukweli ni kijana wa mwaka wa pili niliyemkuta Kasapa, kampasi ya Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), anafotokopi notsi. Aliniambia somo gani linawaangusha watu wengi mwaka wa kwanza, saa ngapi za laboratwari kwa juma, silabasi zinauzwa vipi, na kwamba yeye mwenyewe angejua angechagua kingine. Dakika 15 tu, amesimama, mashine inanguruma.

Nenda Kasapa kabla ya Pasaka, siku ya kazi, si Jumamosi. Usianzie kwenye ofisi. Anzia kwenye mafotokopi na kwa mama wanaouza mikate na mayai, ndipo wanafunzi wanaposema kweli. Kisha usidharau instituts, vyuo vya fani: ISP kama unapenda kufundisha, ISTM kwa uuguzi, ISC kwa biashara, ISS kwa takwimu. Watu wanasema "ameshindwa Unilu akaenda ISP" kana kwamba ni adhabu, halafu watoto wao wanafundishwa na nani?

Angalia pia option yako, mchepuo unaosoma sekondari. Wewe ni Commerciale et Gestion na siku moja ulinitajia udaktari. Sikukatazi, ila uliza mapema kama fakulte unayoitaka inapokea option yako, na inataka asilimia ngapi. Diploma unaipata kwa 50, lakini kuna fakulte ambazo 50 hawaitazami. Jibu hilo linabadilisha namna unavyojifunza kuanzia leo. Ukijua unahitaji kupita 60, huwezi kukaa ukitegemea maitemu, yaani maswali, ya miaka iliyopita peke yake. Na wakikuambia kwamba kwa option yako mlango umefungwa, ni heri usikie Januari kuliko Septemba.

Ushauri wetu sisi wakubwa nao uupime. Babu mpaka leo anaiita Unilu UNAZA, jina lililoisha 1981. Mimi nami nikifungua mdomo nasema G1, G3, L2, kwa sababu wakati wetu graduat ilikuwa miaka 3, licence miaka 2 juu yake. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 tuko kwenye LMD, mfumo wa licence, master na doctorat: licence ni miaka 3 na kredi 180, kisha master miaka 2 na kredi 120. Neno licence limebaki, kilichomo ndani kimebadilika. Mtu akikueleza chuo kwa lugha ya graduat, msikilize kwa heshima, kisha kaulize mwanafunzi wa sasa.

Barua ya kuomba kuandikishwa iandike mwenyewe. Ile ya kununua kwenye siber, iliyokwisha andikwa na kuachwa nafasi ya jina, wanaijua. Kitu kimoja kidogo: chuo kikuu kinaongozwa na recteur, institut inaongozwa na directeur général. Rafiki yangu alimwandikia "Monsieur le Recteur" barua ya kwenda institut, karani akamrudishia mbele ya watu. Kama asilimia yako itatoka ya juu kabisa, kuna buruse, ufadhili wa masomo, ya Excellentia ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi, wanaangalia matokeo ya Exetat. Usiipangie bajeti.

Nilimtumia yote haya kwa sauti ndefu, akanijibu "ok yaya" na emoji. Nikajua amesikiliza nusu.

Lakini jana jioni ikaingia picha. Orodha imebandikwa shuleni kwao, ameipiga karibu, kidole chake kiko chini ya mstari wake. Ngoie, herufi zote tano zipo. Prénom iko sawa, tarehe iko sawa. Mahali pa kuzaliwa wameandika Lubumbashi. Amezaliwa Likasi, mama alikuwa amekwenda kwa shangazi. Nimemwambia kesho afike mapema na cheti chake, kabla prefe hajaanza kupokea wazazi, na asiondoke mlangoni mpaka aone biki inaandika.