Mwalimu, je, akili yangu ni nzito?

Barua za mwezi huu zimehusu kumbukumbu. Anajibu mwalimu wetu wa saikolojia kutoka Uyole, Mbeya.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha nne hapa Mafinga. Kila siku naamka saa kumi alfajiri na kusoma daftari la Biolojia, mada moja mara nne au tano. Nikilifunika najiona nimeiva. Lakini kwenye mtihani wa utamilifu nilikaa naitazama karatasi tu. Swali nilikuwa nalijua, jibu silioni. Baba anasema akili yangu ni nzito, bora niache shule nikafanye kazi kwenye mbao. Nifanyeje? – Binti wa Mafinga

Marahaba mwanangu. Akili yako si nzito. Naanza na hilo kwa sababu neno la mzazi huingia ndani sana, na ningependa jibu hili ulisome ukiwa umekaa na baba yako.

Wewe ulijizoeza kazi moja, mtihani ukakudai nyingine. Kusoma mara tano kunayazoeza macho: ukurasa unakuwa si mgeni tena, kila sentensi unaona unaijua, nawe unaamini umejifunza. Lakini kwenye mtihani daftari halipo. Unatakiwa kutoa kitu kichwani bila kuonyeshwa, na huko kutoa kuna mazoezi yake.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu kifupi cha kusoma. Baadhi walikisoma mara ya pili. Wengine walikifunika wakaandika wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: walioandika kwa kukumbuka walitoa asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Kwa hiyo hukujidanganya ile alfajiri uliposema umeiva. Uliiva kweli, ila kwa muda mfupi.

Basi fanya hivi. Soma mada mara moja kwa utulivu, funga daftari, chukua karatasi uandike yote unayoyakumbuka, hata kama ni mistari mitatu. Utaumia kichwa na utaona kama hujui kitu. Vumilia, kwa sababu kule kuhangaika kutafuta jibu ndiko kunakolikaza. Kisha fungua daftari usahihishe. Rudia kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki ijayo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, aliandika mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi inapungua. Aliona pia kwamba kurudia mara 38 kwa kugawanya katika siku tatu kulimfaa sawa na kurudia mara 68 kwa mkupuo. Mada moja mara tano alfajiri moja, mwanangu, ni nguvu nyingi kwa mavuno madogo.

Kuna jambo hukuliandika lakini nalijua, kwa sababu nimefundisha walimu waliokuja kuwafundisha ninyi. Shule ya msingi ulisoma kwa Kiswahili, na kabla ya hapo pengine nyumbani mlisema Kihehe au Kibena. Sasa Biolojia yote ni kwa Kiingereza. Nafasi ya akili ya kushikilia mambo kwa wakati mmoja ni ndogo. George Miller aliikadiria mwaka 1956 kuwa vitu saba hivi, na watafiti wa baadaye wakaishusha hadi karibu vinne. Ukitumia nafasi hiyo kupambana na maneno ya Kiingereza, maana haina pa kukaa, nawe unakariri sauti. Kabla ya kukariri, mweleze mdogo wako kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani, kwa nini misonobari ya Sao Hill inahitaji jua, na hewa inaingiaje kwenye jani. Akikuuliza swali ukakwama, umeshapata mahali pa kurudi kusoma. Ukishaielewa usanisinuru hivyo, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, yavishe maelezo yako Kiingereza na uyaandike, maana mtihani utayataka kwa Kiingereza. Najua baadhi ya walimu hukataza Kiswahili darasani. Jioni jikoni kwenu hakuna wa kukukataza.

Na hiyo saa kumi alfajiri: unalala saa ngapi? Ukilala saa sita usiku, unajinyima usingizi, na usingizini ubongo huendelea kuyaimarisha uliyojifunza mchana. Bora saa moja ya kujipima jioni, kisha ulale mapema.

Baba yako nina neno moja naye. Mzee mwenzangu, mtoto anayeamka mwenyewe saa kumi kwenye baridi ya Mafinga si mvivu wala si mzito. Mpe miezi iliyobaki.

Mwalimu, mimi na shemeji yangu tulipanda Coaster moja kutoka Tukuyu kuja Mbeya mjini. Kwenye mteremko ikagongana na gari dogo. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Mimi nasema gari dogo lilikuja kasi na vioo vilitapakaa barabarani. Yeye anaapa lilikuwa linatembea taratibu na hakuna kioo kilichovunjika. Polisi wanataka maelezo yetu, na nyumbani tumeanza kuitana waongo. Mwongo ni nani? – Msafiri, Tukuyu

Poleni sana. Huenda mwongo hayupo.

Kila tunapokumbuka tukio tunalijenga upya, na vifaa vya kujengea vinatoka pia katika yale tuliyosikia baadaye. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yanayogongana, kisha wakawauliza kasi ilikuwa kiasi gani. Walichobadilisha ni kitenzi tu. Walioulizwa kuhusu magari “yalipobamizana” walikadiria, kwa wastani, kama kilomita 66 kwa saa. Walioulizwa kuhusu magari “yalipogusana” walisema kama 51. Katika jaribio la pili waliitwa tena baada ya wiki moja wakaulizwa kama waliona kioo kilichovunjika. Katika filamu hakikuwepo. Kati ya watu 50 waliosikia neno kali, 16 walisema walikiona. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kawaida, yaani “yalipogongana”, walikuwa 7.

Sasa jiulize: baada ya ajali ulikaa na nani? Abiria walisimulia nini pale kando ya barabara, na nyumbani ulipokelewa kwa maneno gani? “Mlibamizwa vibaya!” Neno kama hilo linatosha kuingiza vioo kwenye picha. Hata shemeji yako naye, kama alisikia kondakta akisema ni mguso tu, neno hilo limefanya kazi kwake.

Kabla ya kwenda polisi, kila mmoja aandike peke yake alichokiona kwa macho yake, alikuwa amekaa kiti gani, na alikuwa anatazama wapi. Ulichosikia kwa wengine, sema ni cha kusikia. Pale usipokumbuka, sema hukumbuki. Hiyo si aibu, ni ushahidi safi. Na wewe na shemeji msikae kulinganisha maelezo ili yafanane. Yakifanana kwa kupatanishwa, mtakuwa mmeharibu yote mawili. Kuapa kwake kusikutishe wala kusikushawishi, kwa sababu mtu huweza kuwa na uhakika kabisa na bado akawa amekosea.

Bibi yetu wa Makete amevuka miaka 80. Anasimulia harusi yake mpaka rangi ya khanga, lakini akimaliza kula anauliza kwa nini hajapewa chakula. Majirani wameanza maneno ya uchawi. – Mjukuu

Maneno hayo yakatazeni leo, mbele ya watu, mkiwa na mwenyekiti wa kitongoji. Bibi anaumwa.

Kumbukumbu za zamani na za leo hazitegemei sehemu zilezile za ubongo kwa kiwango kimoja. Tulijifunza hilo kwa Henry Molaison wa Marekani, aliyepasuliwa mwaka 1953 ili kutibu kifafa, akaondolewa sehemu za hipokampasi, eneo la ubongo linalosaidia kuhifadhi kumbukumbu mpya, pande zote mbili za ubongo. Utoto wake aliukumbuka. Mambo mapya hayakukaa kichwani, mpaka alipofariki mwaka 2008. Lakini Brenda Milner alipompa zoezi la kuchora nyota akitazama kwenye kioo, mkono wake uliboreka siku hadi siku, ingawa kila mara alisema hajawahi kulifanya. Kwa hiyo bibi akitaka kumenya viazi au kupukuchua mahindi, mwacheni afanye, mikono yake bado inajua. Akiuliza chakula, msimbishie. Mpeni kitu kidogo, au mwambieni kinapikwa.

Mpelekeni hospitali. Huenda ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu taratibu, ambao mara nyingi huanza kuharibu maeneo hayohayo ya ubongo. Lakini tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, maambukizi, sonona na hata baadhi ya dawa huweza kuleta usahaulifu unaofanana na huo, na hizo zina tiba. Chukueni dawa zake zote, za hospitali na za kienyeji, mkamwonyeshe daktari. Na aende naye yule anayelala nyumba moja na bibi, ndiye atakayeweza kueleza usahaulifu ulianza lini na kama ulikuja ghafla au taratibu.