Maswali na majibu: shaperoni, homa na wauza vidonge

Je, shaperoni ndizo zinazoipa protini umbo lake? (Mwanafunzi, Moshi)

Hapana, na naomba walimu waache kufundisha hivyo. Umbo limo kwenye mpangilio wa asidi amino zenyewe, yaani vijenzi vinavyoungana kuwa protini. Christian Anfinsen alipata Nobeli mwaka 1972 kwa kulionyesha hilo. Shaperoni nazo ni protini, wasaidizi wa protini nyingine, na kazi yao ni kuzuia fujo. Protini ikitoka kwenye ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, huwa bado uzi, na zile sehemu zinazoyakimbia maji, ambazo baadaye hujificha ndani, ziko wazi. Seli imejaa pomoni. Nyuzi mbili za namna hiyo zikikutana hugandana, basi tena. Shaperoni iitwayo Hsp70 huzidaka sehemu hizo, huziachia, huzidaka tena, kwa nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Baadhi ya protini zinazosumbua kukunjika, kwa bakteria, huingizwa kwenye shaperoni nyingine, GroEL: pete mbili zilizobebana, kila moja ya vipande 7, na kifuniko kiitwacho GroES. Protini hufungiwa humo peke yake kwa takriban sekunde 10, kisha hutolewa, iwe imekunjika au la. Ikishindwa, inarudi.

Kwa nini huitwa protini za mshtuko wa joto?

Swali hili huja kila mara, maana shaperoni nyingi hubeba jina hilo: Hsp ni kifupi chake kwa Kiingereza. Mtaliano Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza nzi wadogo wa matunda, mtu akapandisha joto la kabati la kuwatunzia. Kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni, za tezi zao za mate zikavimba mahali pasipo pa kawaida, dalili kwamba jeni za hapo zimeamka. Akachapisha mwaka 1962. Protini zenyewe zilionekana 1974. Jina lisikudanganye: arseniki nayo huziamsha, na nyingine zipo kazini hata pasipo shida yoyote.

Nimeuziwa vidonge vya kuongeza shaperoni. Nitumie?

Protini ukiimeza inameng'enywa, kama ya maharage. Maharage ni nafuu.

Kama homa huamsha kinga hizi, si bora tuiache homa ya malaria iendelee? (Mama wa watoto wawili, Kilifi)

Hapana, mama. Kimelea cha malaria nacho kina Hsp70 yake. Kinatoka kwa mbu, mwenye joto la mazingira, kinaingia kwenye damu ya nyuzi 37, kisha homa inapanda hadi 40, nacho kinahimili kwa protini hizohizo. Shaperoni hazichagui upande. Hata seli za saratani huitegemea sana Hsp90, shaperoni nyingine, ndiyo maana Japani mwaka 2022 iliidhinisha dawa ya kuizima kwa uvimbe fulani wa tumbo na utumbo. Mtoto akichemka, mpeleke akapimwe ndani ya saa 24. Na kumfukiza chini ya blanketi ili "kuamsha protini" ni kumwongezea joto mgonjwa wa joto, achilia mbali hatari ya kumbabua.

Mtoto wa jicho unahusiana na haya?

Ndiyo. Lenzi ina shaperoni iitwayo alfa-kristalini. Seli za katikati ya lenzi hazina kiini, hivyo haziwezi kutengeneza protini mpya: akiba uliyozaliwa nayo ndiyo hiyo. Miaka ikienda inaelemewa, protini zinagandana, lenzi inaingia ukungu. Matone ya mitaani hayaurudishi uwazi huo. Nenda ukafanyiwe upasuaji.