Minotauri wanakufa kabla ya kufika: fanya hivi

Mdogo wangu, umesema kwenye Warhammer, mchezo wa vita vya sanamu ndogo mezani, minotauri wako sita (majitu yenye vichwa vya fahali) wanaangushwa na mizinga ya mpinzani kabla hawajamgusa mtu, na unataka kuongeza wengine. Usiongeze. Beastmen, hilo jeshi lako la watu-wanyama, deraya zao nyepesi; ukiwapeleka uwanja wazi umewapeleka machinjoni.

Nguvu yao ni kuvizia. Ungor (watu-wanyama wadogo) wenye pinde waache nje ya meza mwanzoni, waingilie nyuma ya mizinga ya mpinzani. Wasipoua hata mmoja, bado atalazimika kugeuza kikosi, na hapo wewe unasogea. Ila kuingia kwao kunategemea dadu, kwa hiyo usifiche zaidi ya theluthi ya jeshi. Nilishaficha nusu, walipotokea mchezo ulikuwa umeisha. Iliniuma sana.

Baki na minotauri watatu, wapite nyuma ya msitu. Pointi zinazobaki kwenye bajeti ya jeshi chukua bestigor, wapiganaji bora wa watu-wanyama, na wasiingie peke yao: gor, wale wa kawaida, wapige mbele, bestigor wapige ubavuni, zamu ileile.

Halafu rangi ya msingi ya kopo ya sanamu zako, masika haya ya Dar, pulizia mchana jua likiwaka. Jioni unyevu unaifanya iwe ungaunga.