Jiwe la kijani lenye madoa mekundu: lina thamani?

Pole kwa msiba wa babu, dada. Hilo jiwe la kijani lenye madoa mekundu na mabaka meusi, aliloliacha barazani Longido, kwa maelezo yako ni zoisaiti (madini ya kijani) yenye rubi, kito chekundu. Linachimbwa hapo hapo Longido, Mundarara, tangu miaka ya 1950.

Hakikisha kwanza. Rubi ina ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs, cha 1 hadi 10, kwa hiyo doa jekundu litakwaruza hata jiwe la kwatzi, lenye 7. Sehemu ya kijani haitaweza. Pia limulike gizani kwa taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia: mara nyingi rubi huwaka wekundu mkali, inapendeza sana.

Bei isikupe matumaini makubwa. Rubi ya humo kwa kawaida haipitishi mwanga, hivyo haifai kwa pete za thamani. Wanaoitafuta zaidi ni wachonga vinyago. Tafadhali usilipasue kutafuta rubi! Uzuri wake ni rangi zote tatu pamoja. Ukiamua kuuza, nenda soko la madini Arusha, siyo kwa dalali anayebisha hodi. Mimi ningeliacha hapo barazani.