Kusahau, kupitiwa, kujisahaulisha: lipi ni lipi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri dodoso la saikolojia kuhusu kumbukumbu na nimekwama mahali patatu. Uwezo wa mtu kukumbuka jambo alilonuia kulifanya baadaye nimeuita "kumbukumbu tarajiwa", na msimamizi wangu ameliwekea neno hilo alama ya kuuliza. Sentensi "Nilikumbuka kuzima jiko" kila anayeijaribu anaielewa kivyake. Tena, kusahau kwa kukusudia naweza kukuita "kujisahau"? (Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Nianze na la mwisho, maana hilo ndilo litakalokuchekeshea watu.

Kujisahau si kusahau kwa kukusudia hata kidogo. Mtangazaji wa mpira akisema "mabeki wamejisahau", hasemi kwamba wameamua kufuta kitu vichwani. Anasema wamebweteka, wamemwachia mshambuliaji nafasi mgongoni. Na mtu aliyepata cheo akaanza kuwapita majirani bila salamu, huyo naye kajisahau. Ukiandika "Faida za kujisahau", msomaji atadhani unausifia uzembe au majivuno.

Neno la karibu zaidi ni kujisahaulisha, ila nalo lina doa lake. Nani hujisahaulisha? Mdaiwa. Anakuona unakuja, anavuka barabara, na ukimkamata anajitia hamnazo. Masikioni mwa wengi, anayejisahaulisha anakumbuka vizuri mno. Watafiti wa kusahau kwa kukusudia hawamzungumzii huyo. Robert Bjork wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mmoja wa walioijenga elimu hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, aliwapa watu orodha ya maneno wajifunze, kisha wakaambiwa: hiyo basi, isahauni, shikeni hii ya pili. Baadaye walipotakiwa kutaja maneno yote, ya orodha ya kwanza yalikuja machache kuliko kwa wale ambao hawakuambiwa wasahau, na ya pili yakaja mengi zaidi. Hapo hakuna anayejifanya. Kuna agizo na kuna anayelitii, kwa hiyo mimi ningeandika "kusahau kwa kuagizwa".

Usilitumie jina hilohilo kwa majaribio ya Michael Anderson na Collin Green, yaliyochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Nature. Wao waliwafundisha watu jozi za maneno, kisha wakawaonyesha neno moja la jozi na kuwataka wasiliruhusu la pili liingie akilini. Agizo lao kwa Kiswahili ni "usikumbuke", wala si "sahau", na tofauti ni kubwa. "Sahau" tunamwambia mtu kumliwaza ("sahau hayo, mwanangu") au kumkatisha tamaa ("hela yako sahau"). "Usikumbuke" ni kazi ya papo kwa papo, kama ya mlinzi mlangoni, na tafsiri yake ya kitaalamu iwe "kuzuia kumbukumbu". Tena ni kazi isiyotaka papara. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe, na kila wakimfikiria wapige kengele. Kengele zililia.

Sasa jiko. Sentensi yako ina maana tatu, wala si mbili. Ya kwanza: sikusahau, nililizima. Ya pili: ilinijia akilini kwamba nililizima. Ya tatu inajitokeza ukiongeza maneno machache: "Nilikumbuka kuzima jiko nikiwa ndani ya daladala." Hapo jiko linawaka, na pengine maharage yameshaungua! Chanzo ni kitenzi-jina: "kuzima" hakina wakati, hakisemi kama tendo limefanyika au bado. Kwa maana ya kwanza andika "Sikusahau kuzima jiko". Ukanushi huo unazifukuza maana nyingine zote. Kwa ya pili, "Nakumbuka kwamba nilizima jiko." Kwa ya tatu, "Nilikumbuka kuwa sijazima jiko."

Mkanganyiko huu si wa sarufi tu, kwa sababu dodoso lako linapima kitu hichohicho. Kama ni lile la maswali 16 lililochapishwa mwaka 2000 na Smith, Della Sala, Logie na Maylor, nusu ya maswali yanauliza kusahau la kufanya na nusu kusahau yaliyopita. Ukitumia "kukumbuka kufanya" kotekote, mjibuji atahamisha jibu kutoka nusu hii kwenda nusu ile bila wewe kujua.

Mpe uzito zaidi mgonjwa wa dawa za kila siku. "Nimesahau kumeza dawa" na "nimesahau kama nimemeza dawa" zinatofautiana kwa neno dogo "kama" na viambishi vichache, lakini wa kwanza amekosa dozi na wa pili yuko karibu kumeza ya pili. Hilo la pili lina utafiti wake. Mwaka 2012 Michael Scullin na wenzake walionyesha kwamba wazee, kuliko vijana, huweza kurudia kulitekeleza jambo ambalo wameshaambiwa limekwisha. Nia inatakiwa ikumbukwe hadi itimie, kisha iachwe. Swali lenye "nimesahau kama" liwe peke yake, usilichanganye na jingine.

Nimeliacha neno "tarajiwa" hadi sasa kwa sababu hapo ndipo penye uhondo. Msimamizi wako ana haki ya kuuliza. Bwana harusi mtarajiwa ni mtu ambaye bado hajawa bwana harusi. Kwa mantiki hiyo, kumbukumbu tarajiwa ni kumbukumbu ambayo bado haijapatikana, ilhali wewe unasema juu ya kumbukumbu iliyopo tayari, yenye kuhusu tendo lijalo. Kijacho ni tendo. Mimi ningechukua neno "nia", na sababu yangu ni ya nyumbani kabisa: mfungaji wa Ramadhani hutia nia usiku kwa ajili ya funga ya kesho. Neno limeshazoea kubeba tendo la baadaye. "Kumbukumbu ya nia", basi. Wapo watakaopendelea "azma", ila azma ni kubwa mno kwa mtu aliyetumwa chumvi.

Wataalamu wenyewe, wakifuata Gilles Einstein na Mark McDaniel walioandika mwaka 1990, hugawa nia mbili: ile inayosubiri tukio na ile inayosubiri saa. Usihangaike kutafuta istilahi, maana sarufi inakutosha. "Nikimwona Asha nitampa ufunguo" inasubiri tukio. "Itakapofika saa mbili nitapiga simu" inasubiri saa, na kwa kawaida hii ndiyo ngumu, kwa kuwa hakuna Asha wa kukushtua. Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter, mwaka 1997, walikuta kwamba wanafunzi waliotaja kabisa lini na wapi wataandika ripoti fulani ya sikukuu ya Krismasi, takriban robo tatu waliitimiza kwa wakati. Wasiotaja, kama theluthi moja tu. Kanuni yao ya "hali fulani ikitokea, nitafanya hivi" imo nzima ndani ya -ki- yetu, inayobeba "kama" na "wakati" kwa mkupuo. Hivyo katika maelekezo ya dodoso andika "nikimaliza chai nitameza kidonge", usiandike "kama itatokea kwamba nimemaliza".

Na kitenzi? Jina la mtu likikupotea unasema "limenitoka". Ulilotumwa dukani ukarudi bila kulinunua, unasema "nimepitiwa" au, kwa lugha ya heshima zaidi, "nimeghafilika". Hakuna asemaye "nimepitiwa jina lako". Aliyepitiwa hajapoteza kitu: muulize "ulitumwa nini?" atajibu bila kusita, chumvi. Kilichompita ni wakati wa kulikumbuka. Basi kwenye kichwa cha tasnifu weka "kumbukumbu ya nia" msimamizi aridhike, lakini kwenye maswali yenyewe, yale ya nusu ya kwanza, uliza hivi: "Ni mara ngapi hupitiwa na jambo ulilonuia kulifanya muda mfupi tu uliopita?" Na ya nusu ya pili: "Ni mara ngapi jina la mtu unayemfahamu hukutoka?"