Maji ya lambo ni meupe, mbona mbwa wamekufa?

Mkuu, unasema mbwa wako wawili wamekufa ghafla baada ya kuzurura kando ya lambo huko Bahi, maji ni meupe hadi chini unaona, na unahisi jirani kawatilia sumu. Kabla hamjafikishana kwa mtendaji, hebu kaangalie sakafu ya lambo.

Mimi nafuga karibu na Hombolo. Huku tunaogopa ule ukijani unaotanda juu ya maji, basi. Ukijani huo ni sayanobakteria, yaani bakteria wa majini wanaotumia mwanga kama mimea. Ila wapo wengine wanaoishi chini, wanafuma utando juu ya tope na mawe. Hao wanahitaji mwanga, kwa hiyo maji meupe ndiyo yanawafaa. Kwenye malambo yetu ya tope jekundu hawatambi sana, labda pembeni penye kina kifupi, kiangazi tope likishatuama.

Jua likiwaka utando unatoa oksijeni, vipovu vinanasa ndani yake, mwisho unabanduka na kuelea. Na upepo wa Dodoma mnaujua: jioni vipande vyote vimesukumwa ukingo mmoja. Niliwahi kunyanyua kimoja kwa fimbo. Cheusi, kinateleza kama ngozi mbichi, kimejaa vipovu, kinanuka uvundo wa udongo. Mbwa wanaupenda uvundo huo, wanakitafuna kabisa. Ndiyo maana mbwa anaweza kufa huku ng'ombe waliokunywa hapo hapo wakiwa wazima.

Baadhi ya utando huo una anatoksini, sumu ya neva: mnyama anatetemeka, anatoka udenda, miguu inalegea, pumzi inakata, pengine hata saa haijaisha. Dawa ya kuitengua hakuna. New Zealand wamepoteza mbwa wengi hivyo, kando ya mito ambayo ukiiona ungekunywa. Na kwa macho huwezi kujua upi una sumu, kwa hiyo uogope wote.

Kuna aliyekushauri uchemshe maji ya lambo. Hapana! Bakteria watakufa, lakini sumu zao nyingi zinahimili moto, na seli zikipasuka ndiyo zinamwagika majini. Mimi nanyweshea mifugo kwenye birika, maji nachota kisima cha mchangani korongoni, na watoto marufuku kuchezea vile vipande.

Mwite bwana mifugo mapema, mizoga msiitupe. Aangalie mdomoni na tumboni kama kuna vipande vyeusi. Wewe chukua utando kwa glavu, weka kwenye chupa, ukae kwenye baridi gizani hadi ufike maabara.